HEWA INAYOTOKA POLEPOLE

Masomo: Hosea 7:8-9, Hagai 1:5-7, Waamuzi 16:18-21, Yakobo 3:5-10



Sisi wa Hewa Bora tuna jina zuri la mtaa. Lakini wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sufuria ya bukari. Mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja, vumbi lile linageuka matope, na mashimo yanajificha chini ya maji. Ndani ya vumbi na matope hayo kuna misumari, vipande vya waya na vipande vya chupa. Kwa hiyo kila siku mtu wa pikipiki katika mtaa huu anaangalia hewa iliyo ndani ya magurudumu yake. Leo, kwa msaada wa Mungu, tujifunze kwake.

GURUDUMU LINABEBA KWA NGUVU GANI?

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, aliandikisha gurudumu la mpira lenye hewa ndani. La kwanza alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mtoto wake. Baada ya hapo Ulaya na Marekani zikatafuta mpira kwa bidii, na mpira mwingi ukatoka katika misitu ya nchi yetu. Chini ya mfalme Leopold II, mpaka mwaka 1908, babu zetu walilazimishwa kuuchuma. Wengi walipigwa, wengi walikatwa mikono, wengi walikufa. Kwa hiyo Mkongo asiseme kamwe kwamba gurudumu ni kitu kidogo.

Sasa fikirini jambo hili. Mpira ule uliogharimu damu, peke yake hauwezi kumbeba mtu. Toa hewa, nao unalala chini kama ngozi tupu. Kinachombeba dereva, na abiria wake, na gunia la makala lililofungwa nyuma, ni ile hewa isiyoonekana.

Ndivyo ilivyo kwa mtu na kwa kanisa. Katika Mwanzo 2:7 Adamu alikuwa na umbo kamili, na bado alikuwa udongo mpaka Mungu alipompulizia pumzi. Katika Matendo 2 mitume walikuwa na mafundisho yote ya Bwana, na bado walikaa ndani wakingoja mpaka uvumi wa upepo ulipoijaza nyumba. Tunaweza kuwa na kwaya, fanfare, mavazi meupe yaliyopigwa pasi, na hekalu la matofali. Huo wote ni mpira. Ni mzuri, na una gharama. Lakini hewa ikiisha, hakuna atakayefika.

KUPASUKA NA KUVUJA

Mpira unaweza kupoteza hewa kwa njia mbili. Kuna kupasuka: kishindo kimoja, watu wote wanageuka, dereva anasimama. Na kuna kuvuja: tundu dogo kama jicho la sindano. Jioni gurudumu ni gumu, asubuhi limelegea kidogo. Halipigi kelele. Dereva anaomba pompi kwa jirani, anatia upepo, anaondoka. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki inapita, mwezi unapita, na mtu anazoea. Anasema: "Gurudumu langu ni zima, linataka tu upepo kila asubuhi."

Ndugu, gurudumu linalotaka upepo kila asubuhi si zima.

Wenye kuijua kazi hii watawaambia kinachotendeka. Hewa inapopungua, ubavu wa tairi unajikunja kila gurudumu linapozunguka, na kule kujikunja kunaleta joto. Joto linachosha mpira. Usukani unakuwa mzito, mafuta yanaisha upesi, na dereva anailaumu injini. Mpira wa ndani unaanza kusogea kidogo kidogo ndani ya tairi, unaivuta valvu, mpaka siku moja valvu inang'oka kwenye shina lake. Siku hiyo tundu la sindano linakuwa mlango. Na siku hiyo huenda si siku ya kuwa peke yake barabarani. Huenda amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, na lori lenye mzigo wa Kasumbalesa linakuja mbele yao. Yule mama hakujua habari za pompi ya kila asubuhi. Alilipa makuta yake, akapanda kwa imani.

Angalieni basi: kuvuja kwa mmoja kunaweza kumwua mwingine. Baba anayevuja anawabeba watoto. Mchungaji anayevuja anabeba parokia. Mama anayevuja anabeba nyumba nzima.

HAKUJUA

Nabii Hosea, katika sura ya 7, anamtazama Efraimu na kuona jambo la huzuni: wageni wanakula nguvu zake, mvi zimetokea kichwani, naye hana habari. Samsoni, katika Waamuzi 16, aliamka usingizini akidhani atajinyosha na kuwatoka adui kama siku zote. Nguvu zilikuwa zimekwenda, na yeye hakujua. Nabii Hagai anasema juu ya mtu anayefanya kazi na kutia mshahara wake katika mfuko uliotoboka. Watu watatu, ugonjwa mmoja. Hakuna hata mmoja aliyesikia kishindo.

Zambi ya kishindo tunaijua. Mtu akiiba sanduku la kanisa, baraza linakutana. Mtu akimpiga mke wake hadharani, wazee wanamwita. Lakini nani anamwita mtu aliyepunguza sala yake, leo dakika tano, kesho dakika tano? Nani anamwita mtu ambaye upendo wake kwa ndugu yake umepungua kwa kipimo cha tundu la sindano?

Na hapa, wapendwa, niseme wazi ni tundu gani ninaloliogopa katika mji huu.

TUNDU LA LUBUMBASHI

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 ukaitwa Élisabethville. Ulijengwa na watu waliotoka pande nyingi. Kazi ya Union Minière na ya reli iliwaleta watu wa Katanga yenyewe, watu wa Kasai, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Watoto wao walizaliwa katika kambi zilezile, wakacheza mpira wa matambara pamoja, wakaoana, wakazikana.

Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993. Huko Likasi, kisha Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walikuwa wamezaliwa hukuhuku, Kasai hawakuijua. Familia nzima zilikaa kwenye stesheni za gari la moshi, na magodoro na masufuria, wakingoja treni kwa wiki na miezi. Watoto walikufa pale. Wengine walikufa njiani.

Dunia iliona kupasuka. Mimi nauliza habari za kuvuja. Je, jirani aliyeinua jiwe mwaka 1992 alianza kuchukia asubuhi ile? Hapana. Kabla ya jiwe kulikuwa na neno. Kabla ya neno la hasira kulikuwa na neno la mzaha. Mzaha juu ya namna wale wanavyosema, wanavyokula, wanavyopenda makuta, wanavyosaidiana wao kwa wao. Watu walicheka, na siku ya Mungu walikwenda kuabudu. Upepo ukatiwa kwa nyimbo na ngoma, gurudumu likasimama tena. Jumatatu mzaha ukarudi. Yakobo anatuonya kwamba kwa ulimi uleule tunamsifu Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake, na kwamba moto mdogo unateketeza msitu mkubwa. Waliokuwa wanacheka hawakujua kwamba hewa inatoka.

Leo tena vijana wengi wamefika Lubumbashi kutoka Kasai wakitafuta maisha, na wengi wao wanaendesha pikipiki. Mnawaona kwenye kila njia panda. Na mimi nasikia maneno. Nayasikia sokoni, penye foleni ya maji, hata nje ya mlango wa kanisa kabla ya ibada. Maneno ni madogo. Yanaanza na "hawa watu". Na wengine, waliokuja, wanayarudisha kwa lugha yao, wakidhani hatusikii. Kila upande unasema ni mchezo. Kila upande unavuja.

Msiniambie kwamba hayo ni mambo ya siasa, hayahusu kanisa. Upendo ni amri ya Bwana. Upendo ukitoka, ni hewa ya kanisa iliyotoka.

KAZI YA KWADO

Sasa tufanyeje? Tuende kwa kwado, yule fundi wa kando ya barabara mwenye beseni la maji na pompi. Hana shule kubwa, lakini ana hekima. Tazameni kazi yake kwa utaratibu.

Kwanza, hakubali kutia upepo tu. Ukimwambia umekuja mara ya tatu wiki hii, anakuambia: "Baba, tulifungue." Wengi tunapenda mhubiri wa kutia upepo: ibada ya nguvu, kelele, machozi, na kurudi nyumbani na tundu letu. Ibada ni njema, na pompi ni njema. Lakini pompi haizibi tundu.

Pili, anaanza na lililo rahisi. Anatia mate kwenye valvu aone kama panatoka povu. Mara nyingine kosa liko pale mlangoni, hewa inapoingilia. Ndivyo na sisi: tuanze na mlango, yaani kinywa na sikio. Ninasikiliza nini kila siku? Ninarudia nini bila kufikiri?

Tatu, anautoa mpira wa ndani, anautia hewa, na kuuzamisha katika beseni, sehemu kwa sehemu, akiuzungusha polepole. Tundu ambalo jicho halikuliona, maji yanalifunua: povu dogo, mstari mmoja unaopanda. Beseni la Mkristo ni sala ya utulivu mbele ya Neno. Usizamishe maisha yako yote kwa mkupuo na kusema, "Ee Bwana, nisamehe yote." Zungusha polepole. Nyumba yangu. Kazi yangu. Makuta yangu. Jirani yangu upande wa kushoto. Jirani yangu upande wa kulia. Pale povu linapopanda, simama hapo.

Nne, na hili wengi wanalisahau: anapitisha vidole vyake ndani ya tairi lenyewe, kwa uangalifu, kutafuta msumari au mwiba. Kama mwiba umebaki ndani, kiraka ni bure. Mpira utatoboka tena kabla ya kufika nyumbani. Ndugu, ukiomba msamaha kwa neno baya ulilosema, lakini ndani umebakiza lile wazo kwamba mwenzako si mtu kama wewe, umetia kiraka na kuuacha mwiba. Mwiba ni wazo lile. Mwiba unaweza pia kuwa kisasi cha mwaka 1992, kilichorithiwa na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa. Utafute kwa vidole. Unachoma, lakini ung'oe.

Tano, anakwangua. Haweki gundi juu ya mpira wenye vumbi na mafuta, kwa sababu haitashika. Anakwangua mpaka mahali pale pawe safi na pakavu, kisha anapaka gundi, kisha anangoja. Ndiyo, anangoja gundi ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka na kukibana kwa nguvu. Dereva mwenye haraka anamfokea, lakini fundi mwema haharakishwi. Mapatano nayo yanataka kukwanguliwa: kusema kweli, kumtazama mtu usoni. Na yanataka muda. Usimwambie mtu uliyemwumiza, "Nimekwisha kuomba msamaha, mbona bado umenuna?" Ngoja. Gundi inashika.

MTU ALIYEKAA MIAKA THELATHINI

Katika mji huuhuu Mungu alituwekea mfano. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921. Kazi ile ya hadharani ilidumu miezi michache tu. Mwezi wa tisa mwaka uleule alikamatwa, na mwezi wa kumi wakoloni wakamhukumu viboko na kifo. Hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa hapa Élisabethville, mbali sana na kwao. Alifungwa mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Mwili wake ulirudishwa Nkamba mwaka 1960.

Fikirini habari za miaka 30. Viboko ni kishindo, na mwanadamu anaweza kujikaza siku ya viboko. Lakini siku za gereza hazina kishindo. Ni siku moja, na nyingine, na nyingine, zaidi ya elfu kumi. Hakuna umati, hakuna nyimbo, hakuna anayekutia upepo. Kama roho ya mtu ina tundu la sindano, miaka 30 itaimaliza. Mambo aliyoyasema mwaka 1921 hayakufa ndani ya kuta zile. Na kule nyumbani mke wake, Mama Marie Muilu, aliitunza kazi kwa siri, wakati waamini walipokuwa wakitawanywa na kufungwa.

Na kumbukeni jambo hili moja zaidi, ninyi mnaosema "hawa watu". Katika mji huu yeye alikuwa mgeni. Hakuwa mwana wa Katanga. Alikuwa mtu wa Bas-Congo, lugha yake Kikongo. Kama Lubumbashi ingekuwa na mahali kwa wenyeji peke yao, yeye asingekuwa na mahali, hata pa kaburi.

TUFANYE HIVI

Sitaki tusome na kuikunja karatasi hii. Tunapashwa kutenda. Wiki hii kila mmoja wetu afanye mambo matatu.

La kwanza: usiku mmoja, kabla ya kulala, chukua nusu saa bila radio na bila simu. Zungusha maisha yako katika beseni. Andika povu uliloliona, hata kama ni neno moja tu.

La pili: kama povu hilo lina jina la mtu, nenda kwake. Usitume mtoto. Usingoje Jumapili.

La tatu: neno la dharau juu ya kabila lolote likitajwa mbele yako, nyumbani, kazini au penye kantine, usicheke. Huna haja ya kuhubiri. Usicheke tu. Mzaha usiochekwa hauna nguvu ya kutembea. Na watoto wako watakuona.

Neno la mwisho kwa wale watakaosema, "Mimi nimejitafuta, sina tundu." Mungu asifiwe. Lakini waulize watu wa pikipiki: hata mpira mzima usio na tundu unapoteza hewa, kidogo kidogo, kwa sababu hewa inapenya katika mpira wenyewe. Kwa hiyo dereva mwenye akili anapima upepo hata gurudumu likiwa zima. Hasemi, "Nilitia mwaka jana." Sala ya asubuhi si ya wagonjwa peke yao. Ni ya kila mtu anayetaka kufika jioni.

Ndugu zangu, tunawabeba watu. Kuna watoto nyuma yetu waliopanda kwa imani, wasiojua lolote juu ya hali ya magurudumu yetu. Barabara ni mbaya, na malori ni mengi. Tusitie upepo tu na kuondoka. Tulifungue gurudumu leo, wakati bado tumesimama.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe uliyempulizia Adamu pumzi, utufunulie mahali tunapovuja. Utupe moyo wa kung'oa mwiba na subira ya kungoja gundi ikauke. Ulinde Hewa Bora, na Lubumbashi, na wote wanaopita njia zake, wenyeji na wageni. Uwalinde vijana wa pikipiki na wale waliowapakia. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu.

Amina.